Bunduki za Armand

Armand aliziweka moja moja kwenye kitanda changu cha wageni, juu ya shuka la maua, na kila aliyoiweka aliieleza tabia yake, kama mzazi anayemwachia shangazi watoto. Hii hukwama ukiiharakisha. Hii usiishike kwa mikono yenye mafuta. Ya sita ilikuwa ya marehemu baba, yenye kitako kilichochubuka, na hiyo aliishika kwa muda kabla ya kuilaza.

Polisi wa kaunti alisimama mlangoni na orodha yake, akanipa karatasi nitie sahihi. Nilikuwa nimeapa mahakamani: bunduki za mdogo wangu Armand zitakaa kwangu, nitazifungia, na hazitarudi mikononi mwake mpaka iishe ile amri ya kumlinda mkewe, miaka miwili. Jaji alimpa achague, azipeleke polisi au kwa mtu wa kuaminika, naye akanitaja mimi. Nikavimba kichwa. Damu nzito kuliko maji, nikajiambia. Nikazishusha kwenye kabati la chuma la chumba cha chini, ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na msalaba wangu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mdadisi. Nina duka, na kwa miaka thelathini nimejua habari za mimba kabla ya waume wenyewe. Kuuliza si ujinga, ndivyo ninavyojitetea. Wanakijiji wana neno jingine, ila hawalisemi nikiwa karibu, maana huku kaskazini mwa Maine, Marekani, duka la pili liko mbali.

Basi kilichonitafuna mwaka ule ni maneno ya wifi yangu Noella mbele ya jaji. Nilikaa safu ya pili, sikutaka kupitwa. Jaji alimwuliza kama mumewe aliwahi kumwelekezea bunduki. Hapana. Aliwahi kumwambia atamuua? Hapana. Sasa alifanya nini nayo? Noella akatazama mikono yake.

"Tukigombana anaichukua ya baba yake, anakaa nayo mezani, anaisafisha."

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka, na sikumlaumu. Kwetu wanaume husafisha bunduki kama sisi tunavyochambua maharagwe, mezani, soga zikiendelea. Kofi alilompiga Noella siku ya Pasaka, ambalo Armand mwenyewe alilikiri, nililielewa na lilinitia aibu. Lakini kusafisha? Jaji hakucheka. Alitoa amri, nami nikarudi nyumbani na swali langu.

Miezi mitano baadaye ikafika Ijumaa ya Novemba, kesho yake msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa. Tangu asubuhi nilikuwa nikiwaandikia watu vibali vya kuwinda, duka limejaa fulana za wawindaji za rangi ya machungwa na majigambo ya kila aina. Adhuhuri nikafunga, nikaingia jikoni nyuma ya duka. Armand akaja kwa mlango wa uani. Nilimpakulia maharagwe na vichapati vyetu vya njano, akala vizuri, akanitania kwamba nimenenepa kama dubu anayejiandaa kulala msimu wa baridi. Tulicheka. Nilikuwa nimemkosa sana.

"Dada, nipe ya baba," akasema. "Kesho tu. Jioni nakurudishia."

Nikamkumbusha kiapo changu. Akasema yule jaji ni mtu wa kuja, hajui siku ya kwanza ya msimu ni nini kwetu. Kwamba tangu ana miaka kumi hajakosa hata mwaka mmoja, na kesho wenzake wote watakuwa msituni yeye akikaa ndani kama mgonjwa. Machozi yalimlengalenga, na mimi pia. Mama alipofariki ni mimi niliyemlea. Nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa umeshafika shingoni.

Kilichonizuia si busara, ni umbea. Nilitaka kujua atawinda upande gani wa ziwa, swali ninalomwuliza kila ninayemwandikia kibali. Ndipo nikakumbuka kwamba mwaka ule yeye sikuwa nimemwuliza.

"Kibali umekata wapi?"

"Hapa kwako. Wiki iliyopita. Ulizidiwa na watu, umesahau."

Hakuna mwingine anayeandika vibali dukani kwangu. Nikakileta kitabu, nikafungua nakala moja moja mbele yake, kuanzia Septemba. Jina lake halikuwemo. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia pale pale jikoni. Angekasirika ningepata nafuu. Badala yake alitabasamu, akasogeza sahani yake pembeni, akapangusa meza kwa kiganja.

"Basi sitatoka nayo. Ilete niisafishe tu. Hapa hapa, na wewe ukae pale."

Akanionyesha kiti kilichokuwa mbele yake.

Nilikitazama kile kiti. Anayesafisha bunduki anahitaji mafuta, kitambaa na mwanga. Mtu wa kukaa mbele yake wa nini? Swali langu la miezi mitano lilijibiwa pale: Noella alikalishwa hivyo hivyo. Sikukaa. Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Alivaa kofia yake taratibu, akasema kumbe hata mimi nimenunuliwa, akaenda zake.

Huu ni mwaka wa kumi na tisa hajasema nami. Kwenye mazishi ya shangazi yetu alinipita kama nguzo. Alasiri ile ile nilizipeleka bunduki polisi, nikizibeba mbele ya wateja waliokuwa wakinisubiri nifungue duka, na waliyoyasema niliyasikia. Ndugu ninaye mmoja tu, na bado inaniuma.

Lakini kabla ya kuzipakia nilimpigia simu Noella. Hatukuwa tumesemezana tangu mahakamani, nikadhani hatapokea. Alipokea kwenye mlio wa kwanza. Nikamweleza kwamba Armand alikuja, akaomba ya baba, nimemnyima, na alikoelekea sikujui.

"Pikapu yake imepita hapa mara tatu tangu asubuhi," akasema. "Polisi nimeshawaita, wako njiani."

Sauti yake ilikuwa ya chini mno, nikamwuliza yuko wapi.

"Sakafuni, nyuma ya jiko. Nimekaa hapa tangu saa tatu." Kisha akauliza, "Wifi, unazo zote?"

"Zote sita."

"Umeziona kwa macho, au unajua tu?"

Nikamwambia asikate simu. Nikashuka chini, nikafungua kabati, nikazigusa kila moja, nikafunga, nikapanda ngazi nikihema.

"Nimeziona."

Nikamsikia akiinuka sakafuni. Kisha kiti kikavutwa, naye akakikalia.