Chumba cha Paa

Nduku alikuwa analala juu ya paa, na mtaa mzima wa Soweto West ulijua. Chini ya kitanda chake kulikuwa na mabati mapya, yamepangwa mpaka godoro likainuka. Majirani walicheka wee! Yeye aliwaambia wacheke tu, meno hayalipiwi kodi.

Marehemu mumewe alimwachia ploti ya vyumba sita vya udongo vya kupangisha, na hivyo ndivyo vilivyomlisha na kumsomesha bintiye Wanza. Kimoja, alichopanga Akeyo muuza samaki, Nduku alikiita Chumba cha Paa. Kodi yake haikuguswa kwa kitu kingine, hata kiberiti. Akeyo akilipa, Nduku huyoo dukani kulipia kidogo kidogo, na bei ikitimia anarudi na bati kichwani. Kwa nini asiweke pesa? Kwa sababu pesa ikijulikana iko, ndugu wanaugua ghafla. Lakini nani aliwahi kuja kuazima bati la kununulia dawa?

"Kwa hivyo ni mimi naezeka ploti yote?" Akeyo alimtania.

"Ndiyo. Na ukichelewa kulipa utanyeshewa wa kwanza."

Mutiso, shemeji yake wa Kawangware, hakuona la kuchekesha. Alikuwa anaongeza vyumba kwenye ploti yake, na kila shilingi ya kodi ilimezwa na kuta.

"Uza hayo mabati, shemeji, tujenge pamoja tugawane kodi. Mali inalala chini ya kitanda!"

"Paa langu limeoza, nangoja mabati yatoshe ploti yote. Likianguka wapangaji watahama, na Wanza atafukuzwa shule."

"Wewe ni mwoga tu."

Neno hilo lilimchoma. Mutiso alipoondoka, Nduku aliinua godoro akayatazama mabati yake, akaviona akilini vyumba vipya vya Kawangware, na kusema kweli alivitamani sana. Kisha akatoka, akasukuma paa la upande wa nyuma kwa kidole. Kidole kikapenya. Akarudi ndani akatandika kitanda chake.

Mwisho wa mwaka wa tisini na saba mvua ya El Niño ilifika, na haikuwa na adabu. Paa la nyuma likaporomoka asubuhi moja. Kufikia mchana Opondo, mpangaji wake mwingine ambaye alikuwa fundi, alikuwa juu akipigilia misumari, na Nduku amesimama kwenye matope akimpitishia mabati, anacheka kwa furaha mvua ikimwingia mdomoni. Hakuna mpangaji aliyehama.

Wiki hiyo hiyo Mutiso akatokea, viatu mkononi. Vyumba vyake vipya aliviezeka kwa mabati chakavu, pesa ikiwa imeishia kwenye kuta. Vilivuja vyote. Wapangaji walikuwa wanafunga virago.

"Shemeji, yale mabati... yalibaki?"

Nduku angeweza kumrudishia lile neno lake. Alilimeza.

"Yalibaki. Nakukopesha. Lakini kwako, ni chumba gani ambacho kodi yake huli?"

"Nakula zote. Si ni zangu?"

"Basi chagua kimoja. Kodi yake nitakuja kuichukua mwenyewe mpaka mabati yangu yarudi."

"Na yakisharudi?"

"Nitaendelea kuja. Nitaanza kukununulia yako."

Mutiso alitazama matope, akakuna kichwa.

"Haya. Na hayo yangu nitayaweka wapi?"

"Kwani huna kitanda?" Nduku akamuuliza, akamtwika bati la kwanza.