Bingwa Aitwaye Jina Laukoo

Bibi alikuwa na sheria moja tu dukani kwake, ameiandika kwa chaki ukutani juu ya cherehani: ALICHOANDIKA MTEJA NDICHO KITAKACHOSHONWA. Aliiweka baada ya yale ya akina mama wapishi. Walimletea karatasi imeandikwa "Kikundi cha Upedo", yeye kwa wema wake akaiongezea herufi, akashona aproni thelathini za "Upendo". Kumbe Upedo ni ukoo wa mwenyekiti wao. Zikarudi zote thelathini, na maneno juu. "Tulikuja kushona au kusahihishwa mtihani?"

Tangu siku hiyo, ukimwandikia "mbuzi", atakushonea mbuzi, hata kama nyinyi ni kwaya.

Kwa hiyo Kocha alipomtumia ujumbe kwenye simu, "Shikamoo Bibi, lile koti jeupe la mashindano, mgongoni andika jina la ukoo, herufi kubwa, bluu," Bibi hakuuliza. Alivaa miwani, akalamba ncha ya uzi, akashona herufi kubwa, bluu, mshono wa kurudia mara tatu: JINA LA UKOO. Akarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Akalipenda. Angalau hawa wamejipatia jina la timu lenye heshima, alijisemea. Vijana wa mpira wa mtaa wa pili aliwashonea jezi zimeandikwa "Usipime".

Koti lenyewe lilikuwa la mjukuu wake, binti wa miaka kumi na sita, mrefu kama ngazi ya fundi umeme. Binti anacheza vitara, ule mchezo wa kudungana kwa panga nyembamba zisizokata. Unavaa kinyago cha wavu usoni, unafungwa waya kiunoni kama pasi, na ncha ya upanga wako ikimbonyeza mwenzako, taa inawaka, pointi yako. Bibi alipouona mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. "Sisi tulicheza hivyo hivyo na mafagio, tukachapwa. Nyinyi mnapewa medali!"

Mkono binti alikuwa nao. Tatizo lilikuwa masikio. Mazoezini aliwadunga wote, hata Kocha, lakini siku ya mashindano mtangazaji akishataja jina lake tu, miguu inakuwa uji. Jina lile lilikuwa la baba yake, na baba yake alikuwa mwalimu wa nidhamu. Miaka sita mfululizo binti alilisikia likiitwa mstarini asubuhi, na halikuitwa kwa heri hata siku moja. Mara nne alikwenda mashindano ya nje, mara nne akatolewa raundi ya kwanza. Hii ya tano ilikuwa ya mwisho. Mwaka unaofuata umri ungempita, na chama kilikuwa kimeshasema hakina nauli ya mtu wa kwenda kutalii.

"Nikitoka tena mapema, Bibi, basi. Natundika upanga," alisema.

"Utundike wapi? Ukuta wangu umejaa. Mke mwenzangu, wewe kachome watu huko, maneno baadaye."

Bibi mwenyewe alisafiri. Chama kiliruhusu watu watatu: mchezaji, kocha na fundi. Kocha alikusudia fundi wa nyaya za panga, lakini alikosea kulitamka neno "fundi" tu mbele ya Bibi. "Fundi ni nani hapa?" aliuliza Bibi, na tayari alikuwa anakunja kanga sandukuni. Kocha alikuwa mwanamume mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna iliyoandika. Hakubisha. Uwanja wa ndege panga nne zikapita bila swali, mkasi wa Bibi ukakamatwa.

Koti lilisafiri limefungwa kwenye nailoni, na Bibi alipiga marufuku kulifungua mpaka siku yenyewe, lisiingie vumbi. Likafunguliwa asubuhi ya mashindano, kwenye foleni ya ukaguzi, saa mbili na robo. Geti la wachezaji lilikuwa linafungwa saa tatu kamili.

Binti akalivaa. Likamkaa kama ganda la yai. Akageuka ili Kocha amfunge zipu.

Kocha akasoma. Akasoma tena.

"Bibi. Hiki ni nini?"

"Ulichoniandikia."

"Nilisema andika *jina la ukoo!*"

"Na hilo hapo ni nini, jina la mtaa?"

"Nilimaanisha jina... jina lake la ukoo! Lenyewe!"

Bibi akaitoa simu, akausoma ujumbe upya, neno kwa neno. Ujumbe ulikuwa upande wake. Lakini ujumbe haukuwa unaenda kucheza.

"Bibi, mgongoni kwangu kuna nini?" binti aliuliza, akijizungusha kama paka anayefuata mkia. "Mbona mnanong'ona?"

"Simama wima, mke mwenzangu. Kuna uzi."

"Sheria ni kwamba jina la mgongoni lazima lifanane na la kwenye kadi," Kocha alisema kwa sauti ya msibani. "Lisipofanana, hachezi. Tufumue!"

"Mshono wangu mara tatu? Utafumuka wiki ijayo. Na mkasi uko kwa wale mabwana wa uwanja wa ndege."

"Basi nakwenda kumwambia mkaguzi ukweli."

"Nenda," alisema Bibi. "Kwa lugha ipi?"

Kocha alikuwa na maneno kama arobaini ya lugha ya wenyeji, na kati ya hayo thelathini yalikuwa ya chakula.

Foleni ikasogea, wakajikuta wamefika mezani. Mkaguzi alikuwa mzee mkavu, masharubu yamepigwa rula, muhuri mkono wa kulia na kalamu nene ya wino mkono wa kushoto. Akamgeuza binti, akatazama mgongo, akanyoosha kiganja: kadi.

Kadi za chama zilichapwa kwa Kiswahili kitupu. Juu, kwa herufi nzito nyeusi: JINA LA UKOO. Chini yake, kwa kalamu ya mkono ya karani wa chama, jina lenyewe, limefifia kama mtu aliyeandika akiwa na haraka ya chai.

Mkaguzi akaweka kidole kwenye kadi. J. Akatazama mgongo. J. Kadi: I. Mgongo: I. Kocha alifumba macho. Alitaka kusema kitu, Bibi akamfinya kiunoni, pale pale anapofinyiwa mtoto kanisani au msikitini. Kidole kikaenda hadi O ya mwisho. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika kwenye orodha yake LAUKOO, JINA, akagonga muhuri. Paa!

"Tumepita?" aliuliza Kocha, bado kafumba macho.

"Tumepita. Fungua macho, utagonga nguzo."

Walipomweleza binti, alishika kichwa kwanza. Kisha tabasamu likaanza kona moja ya mdomo na kutambaa hadi ya pili.

"Kwa hiyo leo watamwita huyo Jina Laukoo?"

"Huyo huyo."

"Basi akishindwa, kashindwa yeye. Mimi simo."

Bibi alikuwa hajamaliza kucheka, sauti ya kiume ikamlipukia nyuma.

"Shikamoo mama! Mmetufanyia nini nyinyi?"

Alikuwa kocha wa nchi jirani, bonge la mtu mwenye filimbi shingoni, akitokwa na jasho. Hasira zote zile, lakini shikamoo hakuisahau. Nyuma yake alisimama mchezaji wake, binti mfupi, mwepesi, macho makali, koti lake limeandikwa vizuri kabisa jina lake la kweli.

"Marahaba baba. Tumefanya nini?"

"Yule mzee amenikatalia! Kadi zetu si zimechapwa kiwanda kimoja na zenu? Ananionyesha 'Jina la Ukoo', ananionyesha mgongo wa binti yangu, anatikisa kichwa. Nikajaribu kumweleza, akanionyesha huyu wenu! Kwa ishara zake ni kama anasema, ndugu yake kapita, huyu ameiba koti la nani?"

Kocha akajikuna shingo. Bibi hakucheka. Kosa likiwa lako mwenyewe unaweza kulivaa, lakini hili sasa lilikuwa limemvaa mtoto wa mtu.

"Nakwenda kutafuta mkalimani," alisema Filimbi. "Ukweli usemwe."

"Usemwe, ndiyo. Mkalimani yuko wapi?"

"Sijui."

"Na saa ngapi sasa?"

Filimbi akatazama ukutani. Saa tatu kasoro dakika ishirini na mbili.

"Ukimpata saa nne, baba, ukweli utakuwa umesemwa na mabinti wote wawili wako benchi wanakula karanga. Una leso?"

"Leso?"

"Nyeupe. Safi. Usinipe uliyofutia jasho."

Alikuwa nayo, imekunjwa, ya kuvaa na suti. Bibi akavuta sindano iliyochomekwa ndani ya kilemba chake, kwani mkasi wanaweza kukunyang'anya, lakini nani hupekua kilemba cha bibi? Akamtuma Kocha mezani kwa mkaguzi kuazima kalamu nene ya wino. Kocha, kwa ishara na neno moja la lugha ya wenyeji ambalo baadaye aligundua kuwa ni "supu", akarudi nayo. Bibi akaandika juu ya leso kwa mkono wa fundi, herufi zimesimama kama askari: JINA LA UKOO. Akaibandika mgongoni mwa yule binti mfupi, juu ya jina lake, akiwa amelivaa koti, akapiga mshono wa haraka, akakata uzi kwa meno.

"Usitikisike, mwanangu. Nikikudunga mimi, taa haiwaki."

"Bibi, mimi hili jina silitaki," alilalamika yule binti.

"Kwani nani analitaka? La leo tu. Jioni unaniachia."

Saa tatu kasoro tatu, mkaguzi akaweka kidole. J. J. I. I. Akagonga muhuri, akampigapiga Filimbi begani kama anayesema: si uliona, rahisi tu.

Basi siku hiyo ukumbini mkasikika mambo. "Jina Laukoo!" mtangazaji aliita kwa lafudhi ya kuvunja meno, na yule mrefu, ambaye kwa kawaida angekuwa ameshaanza kutetemeka, akapanda jukwaani anacheka ndani ya kinyago. Miguu ilikuwa miguu. Raundi ya kwanza alimshinda binti mmoja mwenye makocha watatu. Ya pili akashinda. Ya tatu alikuwa nyuma kwa pointi tano, Bibi akapiga kelele, "Mke mwenzangu, unamchokonoa au unamkuna?" na taa zikaanza kuwaka upande wao. Huku jukwaa la pili, "Jina Laukoo!" mwingine naye alikuwa anafyeka, mfupi, anaingia chini ya panga za watu kama panya chini ya mlango.

Fainali, ubao wa taa ukaandika: LAUKOO J. na chini yake, LAUKOO J.

Ukumbi mzima ukapiga makofi kwa ajili ya hiyo familia yenye vipaji. Mtu wa gazeti akampiga Bibi picha, akamwonyesha vidole viwili: wote wako? Bibi akainua kidevu. Hakukubali, hakukataa.

Wakaanza. Mrefu anachoma kwa mbali, mfupi anaingia kwa chini. Saba kwa saba. Kumi na moja kwa kumi na moja. Filimbi alisahau kwamba kuna uadui, akawa anamshika Bibi mkono, naye Bibi akamwachia. Kumi na nne kwa kumi na nne. Anayegusa sasa ndiye bingwa.

Bibi alikuwa ameshona nguo za harusi, sare za shule na sanda, na hajapata kubana pumzi namna ile. Mfupi akaingia. Mrefu hakurudi nyuma kama alivyozoea. Alikunja goti, akainama, akaunyoosha mkono wote ule aliopewa na Mungu.

Taa moja.

"Jina Laukoo!" alinguruma mtangazaji.

Mabinti wote wawili wakarusha mikono juu. Filimbi akapuliza filimbi. Kocha akamkumbatia mtu asiyemjua. Mwamuzi ikabidi amshike mkono yule mwenye taa na kumwinua, ndipo wakajua. Alikuwa mrefu. Wakavua vinyago, wakatazamana, wakaanguka chini kwa kicheko, wamekumbatiana na nyaya zao.

Mkaguzi akaja, akaushika mkono wa Bibi kwa mikono yote miwili, akasema maneno marefu. Kocha akasikiliza, akipekua maneno yake arobaini.

"Nadhani anasema hongera kwa ukoo wako. Anauliza, nyumbani wamebaki wangapi?"

"Mwambie kila nyumba ina wa kwake," alijibu Bibi.

Nyumbani, katibu wa chama alipokea matokeo kwa simu: wa kwanza Laukoo, wa pili Laukoo. Akapiga kulalamika kwamba mchezaji wetu hata kwenye orodha hayumo, na nauli yake nani atailipa. Alinyamaza tu medali ilipowekwa mezani kwake. Kocha aliandika barua ya kueleza kila kitu, safari hii kupitia mkalimani. Waandaaji walicheka, wakairekebisha orodha, na wakaomba kwa unyenyekevu kadi zichapwe upya.

Wiki ya pili binti akaingia dukani na koti jipya, la kundi la wakubwa. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika haraka haraka, akamsukumia Bibi.

"Mgongoni, Bibi. Herufi kubwa. Hilo hilo."

Bibi akavaa miwani. Lilikuwa jina la baba yake, lile la mstarini asubuhi. Ila kwa haraka zake binti alikuwa ameruka herufi moja katikati.

Bibi akatazama karatasi. Akatazama sheria yake ukutani. Mguu ulikuwa umeshakanyaga pedali. Akautoa.

"Mke mwenzangu," alisema, "njoo hapa. Hebu lisome kwa sauti."