Friji Lililochukia Mteremko

Denis, fundi wa mafriji kutoka Moshi mjini, alinipita kwenye ngazi ya gari bila hata kuniamkia. Aliliangalia friji akiwa amesimama wima, mikono mfukoni, kisha akamgeukia mdogo wangu na kutoa hukumu.

"La kuvunda halina ubani, Eliakim. Gesi ya ndani imekwisha. Ling'oe, mahali pake uweke kabati la vyombo."

Nilikuwa namenya ndizi za mtori, kisu kikanisimama mkononi. Sikuudhiwa na hukumu. Niliudhiwa na magoti yake, ambayo hayakukunjwa hata mara moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ugonjwa wa friji la moto uko chini, nyuma, kwenye giza na buibui.

"Umeuona moto wake?" nikamuuliza.

"Mama, friji halina moto. Friji lina baridi."

Mae! Nilicheka mpaka ndizi ikanidondoka, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Gari lenyewe lilikuwa basi dogo la zamani lenye kitanda, jiko na friji la mtungi wa gesi. Eliakim aliachiwa gari hilo na Waholanzi wawili waliomaliza mkataba wao. Na mafriji ya namna ile mimi nayajua. Kwa miaka kumi na saba nilitunza friji la mafuta ya taa kwenye zahanati, nikilinda chanjo za watoto wa vijiji vinne. Hili la gesi ni ndugu yake: moto mdogo nyuma huchemsha dawa iliyofungiwa kwenye mabomba, na dawa ikizunguka vizuri, mbele hupoa. Mwaka 1994 ukaja ule upunguzaji wa wafanyakazi. Nikapunguzwa mimi, friji likabaki. Niliondoka na kipimajoto kimoja ambacho hakuna aliyekiulizia, na sijakitubia.

Friji hili halikuwa la kupozea soda. Baba yetu, mzee Aminieli, anaishi kwa sindano ya insulini asubuhi na jioni. Nyumbani kwetu, juu ya Kwa Sadala, dawa yake ilikaa ndani ya chungu kilichofukiwa kwenye mchanga mbichi kando ya mfereji, na maji ya mlima yaliipoza. Lakini Baba alitaka kwenda Urambo, mwendo wa siku tatu kwenye joto, kwa mdogo wake Filemon. Walikuwa hawajasemeshana kwa miaka ishirini na miwili, tangu ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, siku Baba alipotamka neno ambalo hata leo sitaliandika. Sasa barua ilikuwa imefika: Filemon amekatwa mguu, hawezi tena kusafiri, na anaulizia habari za nyumbani.

Baba aliamua kumpelekea jani la isale kwa mkono wake mwenyewe. Kwetu, ukiletewa isale na aliyekukosea, huwezi kukataa kusamehe. Ila daktari alisema wazi kwamba pasipo friji dawa ya majuma matatu itaharibikia njiani, na mzee asithubutu. Eliakim naye angeweza kuondoka Jumamosi ile tu, kabla ya kazi za msimu wa watalii. Siku Denis alipotoa hukumu yake ilikuwa Jumanne.

"Nipe bisibisi," nikamwambia Eliakim.

"Dada, Denis amesomea kazi hii."

"Na mimi nimeizeekea."

Nilianza na lililo rahisi. Jiko liliwaka kwa mtungi uleule, kwa hiyo gesi ilikuwepo. Nikalala kifudifudi, nikafungua kifuniko cha chini. Moto wa friji ulikuwa wa njano, unayumbayumba, na bomba la moshi lilijaa masizi. Kwenye tundu dogo la gesi buibui alikuwa amejenga nyumba kana kwamba kapewa hati ya kiwanja. Tundu nikalisafisha kwa spiriti, maana ukilichokoa kwa sindano unalipanua. Masizi nikayatoa kwa brashi ya kuoshea chupa za maziwa. Jumatano mchana moto ukasimama wa buluu, mdogo, umetulia. Nikatangaza ushindi kwa sauti ya kufika kwa majirani.

Alhamisi asubuhi nikafungua mlango wa friji. Kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na moja. Nyuma palikuwa pa moto wa kuunguza kidole, mbele hakuna kitu. Niliona aibu.

Baba akaingia na kikombe chake cha chai ya maziwa isiyo na sukari, akaketi, akakiweka mezani.

"Usijitese, Aikande," akasema. "Labda Mungu hataki."

Sikuwahi kumsikia Baba akimsingizia Mungu. Machozi yakanilenga. Nikainamisha uso asiyaone, na hapo nikakiona kile kikombe. Upande wa mbele wa gari chai ilikuwa imefika ukingoni. Upande wa nyuma ulibaki wazi karibu kidole kizima.

Nikajipiga kofi la paji la uso.

Huku kwetu nusu ya magari yana betri mfu, na la Eliakim lilikuwa mojawapo tangu Krismasi. Kwa hiyo kila mtu huegesha pua ikitazama bondeni. Asubuhi unatoa jiwe, gari linateremka, unaachia klachi, linawaka. Hakuna anayeliona hilo kuwa jambo. Tumezaliwa kwenye mteremko. Hata mabenchi yetu yana miguu miwili mifupi. Lakini friji la moto halina pampu. Dawa yake hurudi chini kwa uzito wake tu, na friji likiinama, dawa hukwama. Kwenye zahanati kila Jumatatu niliweka bakuli la maji juu ya friji nione kama limekaa sawa. Miaka kumi na saba! Hapa sikuliweka, kwa kuwa hili lilikuwa gari, si nyumba. Nyani haoni kundule: nilimcheka Denis, na mimi nikafanya yangu.

"Tulitoe nje," nikasema. "Tulipindue kichwa chini."

Eliakim alidhani nimechanganyikiwa. Nikamweleza kuwa dawa iliyokwama muda mrefu huziba mabomba, na ukilipindua friji, hulegea na kuchanganyika upya. Tukafunga gesi, tukafungua skrubu nne, tukalibeba hadi uani na kulisimamisha kwa kichwa juu ya majani makavu ya migomba. Ndani likabwabwaja kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Baba akacheka, mara ya kwanza juma lile. Mchana kutwa nililigeuza na kulipindua tena, na jioni tukaliacha wima lipumzike.

Ijumaa asubuhi tukalirudisha mahali pake, na ugomvi ukaanza.

"Dada, nikiinua pua ya gari, kesho litawakaje?"

"Na likiwaka pasipo friji, utampeleka nani?"

Akaichukua jeki. Kisha akapiga magoti. Tukainua magurudumu ya mbele, tukapanga mawe bapa chini yake, mpaka maji ya bakuli langu yakalingana na ukingo pande zote. Saa mbili nikawasha.

Saa sita, nyuzi kumi na sita. Saa tisa, kumi na moja. Saa kumi na mbili jioni zilikuwa sita, na nikapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia migombani.

Denis alikuwa amekuja kuulizia kabati. Nikaushika mkono wake, nikautia ndani ya friji. Akautoa, akautazama, akautia tena. Ndipo akakunja magoti, akalala sakafuni na suruali yake iliyopigwa pasi, akauchungulia ule moto wa buluu. Alipoinuka, masizi yalikuwa puani.

"Shikamoo, Mama," akasema.

"Marahabaaa," nikaitikia, nikiivuta kadiri pumzi ilivyoruhusu.

Jumamosi Eliakim aliondoa mawe, gari likateremka, likawaka. Kila tulipolala njiani niliweka bakuli mezani kwanza, naye akasogeza gari mpaka niridhike. Kule Singida, kwenye tambarare isiyo na mteremko wowote, tulilisukuma asubuhi pamoja na wachunga ng'ombe, na Baba akatuimbia wimbo wa kanisani dirishani. Dawa ya Baba haikuvuka nyuzi nane.

Urambo joto lilikuwa la tanuri. Filemon alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, suruali imekunjwa gotini. Baba akasimama mbele yake. Akanigeukia, akanyoosha mkono. Nikafungua friji, nikatoa kitambaa kilicholala kando ya dawa, ambacho Baba mwenyewe alikiweka pale siku ya kuondoka, nikampa, naye akakifungua.

Filemon akalipokea lile jani la isale kwa mikono miwili. Akashtuka. Akaliweka shavuni, akafumba macho.

"Aminieli," akasema, "lina baridi ya mfereji wa nyumbani."