Kabla Hujapona Tena

"Minyoo," alisema tabibu wa kliniki bila kuinua macho.

"Dawa ya minyoo nimeshameza mpaka minyoo wenyewe wamenihurumia," nikamwambia.

Akaniandikia ile ile.

Mimi ni seremala. Tangu mwaka jana nawashwa mwili mzima, nakohoa, na siku hizi nikibeba fremu ya mlango moyo unagonga kama nyundo. Kila nikipimwa damu wanakuta chembe nyeupe ziitwazo eosinofili zimezidi. Choo wamekipima, hawakuona mnyoo hata wa dawa. Bado napewa dawa yake. Karakana nzima inaniita Baba Minyoo.

Mwishowe nikapelekwa kwa daktari wa damu, mama mmoja asiye na maneno mengi. Akanisikiliza kifua.

"Chembe hizi zikizidi muda mrefu zinaweza kuharibu moyo," akasema. "Wako umeanza kulalamika. Lakini siwezi kutibu kwa kubahatisha. Rudi wiki ijayo nizipime mwenyewe."

Wiki ile nilijikuna mpaka shuka likachanika. Mke wangu akaingiwa na huruma, akaenda duka la dawa, akarudi na vidonge vidogo vyeupe. Maajabu! Nililala kama gogo. Ngazi za hospitali nilizipanda kama kijana, mke wangu akinifuata nyuma.

Daktari akasoma majibu, akayasoma tena. "Eosinofili ni za kawaida kabisa."

"Mungu mkubwa!" mke wangu akasema.

"Amekunywa nini?"

Mke wangu akatoa pakiti mkobani kwa fahari. Daktari akafumba macho.

"Hii inazishusha chembe kwa muda tu, mama; chanzo kimebaki, nami sina tena cha kupima. Umemfukuza mwizi kabla polisi hawajafika."

"Sasa ningefanyaje, daktari? Mtu anajikuna kama mbuzi!"

"Ungeniuliza." Kisha akanigeukia. "Umevitumia siku chache tu, viache leo. Dalili zikirudi, njoo hapo hapo. Pumzi ikibana, usingoje hata kidogo."

Mtu mzima na mvi zangu, nikatoka hospitali nikiomba ugonjwa urudi! Jirani akauliza hali, nikajibu mzima, kwa bahati mbaya. Akanitazama kama mwendawazimu.

Nilikuwa napiga randa asubuhi moja shingo ilipoanza kuwasha. Nikamwita mke wangu. Akaja mbio, akavitazama vipele vilivyochomoza, akanishika mikono nisijikune.

"Afadhali," akasema. "Vaa viatu twende, kabla hujapona tena."