Lita Ishirini za Asidi

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mwaka 1999, betri ikikufia ulikuwa na mtu mmoja tu wa kumpelekea. Jina lake Marie-Claire, mama wa miaka arobaini na mmoja kutoka Uvira, Kongo. Baba yake alikuwa fundi wa magari kule nyumbani na ndiye aliyemfundisha kazi hiyo kabla vita havijawatawanya. Watu walimletea betri za malori zilizotupwa. Yeye alizifungua, akaosha mabamba ya ndani, akatia asidi mpya, kisha akazichaji kwa jenereta iliyonguruma nyuma ya kibanda chake tangu asubuhi hadi jioni. Kinyozi alinyolea kwa betri za Marie-Claire. Mwenye banda la video alionyesha filamu kwa betri za Marie-Claire. Hata mchungaji alihubiri kwa betri zake.

Asidi haikuuzwa Kakuma. Ilitoka Lodwar, kwenye duka la vipuri, na aliyemletea ni dereva Mturkana aitwaye Ekidor, mwenye pikapu ya buluu iliyofifia. Kwa miaka miwili Ekidor alitupa dumu la asidi nyuma ya gari pamoja na mizigo mingine, akaja nalo, na hakuna aliyeuliza kitu.

Jumatatu moja ya mwezi wa nane Ekidor alikuja mikono mitupu.

"Ejok, mama," alisalimu, akabaki amesimama mlangoni.

"Ejok. Asidi iko wapi?"

"Imebaki Lodwar. Iko ofisa mpya pale kizuizini. Anaitwa Lomuria. Anasema hii ni mzigo ya hatari, lazima nikuwe na kibali ya Nairobi, na lori yenye alama, na dereva amesomea."

"Ulimwambia ni kidogo?"

"Nilimwambia. Nikajaribu kumpa ya chai. Karibu anifunge."

Marie-Claire aliweka bisibisi chini. Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na betri nne kubwa, zote kavu, na zote zilikuwa za kazi moja. Jumamosi hiyo Aguer, kijana Msudani wa pale kambini, angemwoa mchumba wake Adhel, na kwaya iliyoongozwa na rafiki yao Duop ingeimba kwa vipaza sauti vipya vilivyotumwa na jamaa zao wa ng'ambo. Duop mwenyewe alitokea jioni ile ile, mrefu kama mlingoti, akazitazama betri kwa wasiwasi.

"Mama, tutaimba na midomo tu?" aliuliza.

"Si mumeimba na midomo miaka yote?"

"Ndiyo. Lakini safari hii tumeambia kambi nzima kwamba watasikia hata wakikaa nyumbani kwao."

Kesho yake Marie-Claire alikwenda kuomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, akaipata baada ya kupanga foleni tangu asubuhi hadi saa nane. Jumatano alipanda pikapu ya Ekidor kwenda Lodwar. Njiani alijipanga maneno. Alikusudia kulia kidogo ikibidi. Ekidor alimwambia machozi hayatasaidia, kwa sababu Lomuria alikuwa mtu wa Lokitaung, na yeye Ekidor aliwajua watu wa Lokitaung kwa ugumu wao.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye paa la mabati, chenye joto la kuokea mkate. Lomuria alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi mpaka mistari ya mikono inasimama. Alimpa mgeni kiti, akampa maji ya kunywa, kisha akamkatalia kwa heshima zote.

"Mama, mimi sina ubaya na wewe. Sheria ndiyo inasema. Asidi ikimwagikia abiria barabarani, nani ataulizwa? Ni mimi."

"Hiyo sheria iko wapi, shefu?" aliuliza, kama kwao wanavyomwita mkubwa wa ofisi.

"Iko hapa." Alikipigapiga kitabu cha jalada la kijani kilichokuwa mezani.

"Naweza kuiona?"

Lomuria alisita. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba hivyo. Watu walikuwa wakimbembeleza, wakimlaani, au wakitaja jina la mkubwa fulani wanayemjua. Alikisukuma kitabu upande wa pili wa meza. "Ni Kiingereza," alionya.

Marie-Claire hakujua Kiingereza. Alisoma shule ya masista, kwa Kifaransa, hadi darasa la kumi. Alifungua kurasa moja moja, akipitisha kidole, na mara kwa mara kidole kilisimama. *Transport*. Neno hilo alilijua. *Danger*. Hilo nalo ni la Kifaransa. Aligundua kwamba Kiingereza cha sheria kimejaa Kifaransa, sema hawa Waingereza wamekivalisha nguo nyingine tu. Alifika ukurasa wa thelathini na nane na kidole kikasimama kabisa.

"Shefu," alisema. "Hapa kumeandikwa *exceptions*."

Alilitamka kwa Kifaransa, na Lomuria hakuelewa mpaka alipozunguka meza akaangalia.

"Hii tunasema *ék-sep-shon*," alisema.

"Semeni munavyotaka. Kwetu maana yake ni kwamba sheria iko na mlango. Na hapa chini naona *quantities*. Kiasi. Somea mimi, tafadhali."

Lomuria alisoma kimya kwanza. Kisha akasoma tena, midomo ikicheza. Nje mtu alikuwa akipigilia misumari, akaacha, akaanza tena. Marie-Claire hakumharakisha. Aliuona uso wa yule kijana ukibadilika, akakumbuka mtoto wake wa kwanza alipopata jibu la hesabu baada ya kukosea mara tatu.

"Nilipewa kitabu hiki wiki tatu zilizopita, siku nilipoanza kazi," Lomuria alisema mwishowe. "Nimesoma mpaka ukurasa wa ishirini na moja. Huku nilikuwa bado."

"Haina neno. Kinasema nini?"

"Kinasema mfanyabiashara mdogo anayebeba kiasi kidogo kwa kazi yake mwenyewe hahitaji kibali, wala lori la alama." Aliinua kidole kabla Marie-Claire hajatabasamu. "Lakini masharti yapo, na lazima yatimizwe yote. Likikosekana moja nitakurudisha."

Marie-Claire alitoa daftari mkobani. "Sema polepole. Mimi naandika na Kiswahili."

Basi wakakaa hivyo karibu saa nzima, yule akitafsiri, huyu akiandika. Madumu yawe ya lita tano au chini ya hapo, na yote pamoja yasipite lita ishirini. Vifuniko viwe vya kukaza. Madumu yasimame wima ndani ya sanduku lenye mchanga, ili likivuja moja mchanga unywe. Lomuria alipofika kwenye kitu cha kuzimua asidi hakujua kwa Kiswahili kinaitwaje. Alieleza kwamba ni unga mweupe unaotoa povu, na Marie-Claire akasema hayo ni magadi, kwao wanatia kwenye maharagwe. Kila dumu liandikwe kilichomo kwa lugha ambayo wabebaji wanaielewa. Tena sanduku lisikae pamoja na chakula, wala karibu na abiria.

"Haya si mabaya," Marie-Claire alisema alipomaliza. "Hata baba yangu angekubali. Yeye asidi ilimchoma paja juu ya kubeba ovyo."

Lomuria alimtazama, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Kumbe mlikuwa mnahitaji sheria miaka yote hii."

Alhamisi nzima ilikwenda kwa matayarisho. Marie-Claire, aliyelala kwa masista wa parokia, alinunua asidi kwenye madumu manne ya lita tano, na magadi kibaba kizima. Seremala wa sokoni aliwatengenezea sanduku. Mchanga Ekidor aliuchota mtoni Turkwel, akicheka peke yake, kwa kuwa hakuwahi kufikiri kwamba siku moja mchanga wa Lodwar utatakiwa na serikali. Kwenye madumu Marie-Claire aliandika kwa rangi nyekundu ASIDI, INAUNGUZA. Ekidor, ambaye hakujua kusoma, alisema sheria imetaka wabebaji waelewe, na mbebaji ni yeye. Basi akachorewa mkono wenye matundu, akaridhika.

Ijumaa saa mbili asubuhi magari yalikuwa yamepanga mstari kizuizini, yakingoja askari wa kuyasindikiza, kwani siku hizo hakuna aliyekwenda Kakuma bila msafara. Lomuria alikuja na kitabu chake kwapani. Alipima madumu, akakaza vifuniko mwenyewe, akatia mkono mchangani mpaka kwenye kifundo. Kila kitu sawa. Kisha akainua turubai.

"Hii ni nini?"

"Unga," Ekidor alisema. "Magunia mbili tu."

"Unga ni chakula."

Dereva wa lori la nyuma, aliyekuwa akiwahi safari, alishuka akayabeba yale magunia kwenye lori lake bila kuombwa mara mbili. Lomuria akashukuru. Ndipo kitu kikalia nyuma ya tairi la akiba.

Alikuwa beberu, mweupe na mweusi, amefungwa kamba. Ekidor alikuwa akimpelekea mjomba wake.

"Mbuzi pia ni chakula," alisema Lomuria.

"Hapana," Ekidor alisema. "Huyu si ya kuchinja. Huyu ni ya kuzalisha. Mimi siwezi kula huyu hata nikuwe na njaa namna gani."

Lomuria alifungua kitabu. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, na kila mtu alikuwa na neno. Mmoja alisema kitu chenye roho si chakula mpaka kichinjwe. Mwingine akasema katika Turkana yote hakuna mbuzi asiye chakula, ni siku yake tu haijafika. Askari wa msafara walifika wakauliza kuna nini, nao wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule.

"Sawa," Lomuria alisema baada ya kufikiri. "Nakubali si chakula. Kwa hiyo ni abiria."

Watu wakamuunga mkono. Lakini Marie-Claire alishalifungua daftari lake.

"Shefu, abiria hawakai karibu na sanduku. Wewe mwenyewe ulisoma."

Ekidor alimgeukia kwa uchungu. "Mama, wewe uko upande ya nani?"

"Mimi nataka kufika," alisema Marie-Claire. "Lete huyo mbuzi mbele."

Hivyo ndivyo walivyokwenda Kakuma, Ekidor kwenye usukani, Marie-Claire dirishani, na beberu katikati yao akiwa ameketi juu ya miguu yake ya nyuma, anatazama barabara. Lomuria aliinua kizuizi kwa mkono wake. Alikuwa anajaribu kutocheka mbele ya askari, na alishindwa. Njia nzima ya saa tatu na nusu beberu alitafuna kitambaa cha Marie-Claire, naye akamwachia. Halikumwagika tone.

Betri zilijazwa alasiri ile, zikachajiwa, na Jumamosi vipaza sauti viliunguruma. Ilikuwa kweli, watu waliisikia kwaya wakiwa nyumbani kwao, pamoja na wale waliotaka kulala. Bibi arusi Adhel alicheza ngoma akiwa ameshika viatu vyake mkononi. Marie-Claire aliwekwa kwenye meza ya wazee, karibu kabisa na vipaza sauti, kwa heshima, na siku mbili baadaye masikio yalikuwa bado yanamlia.

Baada ya juma moja Ekidor alileta barua yenye muhuri. Marie-Claire aliifungua akiogopa kidogo. Lomuria alikuwa ameandika kwa Kiswahili kwamba amemaliza kusoma kitabu chote. Alikuwa ameona kwamba aliwarudisha watu kumi na wanne bure, wenye mafuta ya taa, wenye gesi ya kuchomea vyuma, hata mpiga picha mmoja na dawa zake. Aliomba nakala ya yale yaliyoandikwa kwenye daftari, ayabandike kizuizini kila mtu aone.

Marie-Claire aliyaandika upya papo hapo. Alimaliza kwa nusu saa, kwa herufi kubwa, na Kiswahili chake cha Uvira kama kilivyo. Alimpa Duop asome kwanza. Duop alisema kuna mahali sarufi haikai sawa.

"Sheria inaeleweka?" Marie-Claire aliuliza.

"Inaeleweka."

"Basi acha hivyo," akasema, akaikunja karatasi, akampa Ekidor aondoke nayo kabla msafara haujamwacha.