Nyasi za Aprili

Oteng alikuwa ameapa: watalii wake wa kwanza wangeingia hifadhi ya Kalahari mwezi wa Aprili, matope yakishakauka. Mjomba wake Galebowe alisema Februari. Na gari lilikuwa la mjomba. Wakiafikiana mwezi, Oteng angepewa gari hilo msimu mzima wa mwakani; wasipoafikiana, angerudi kijijini Rakops kuchunga ng'ombe wa watu. Basi Aprili hiyo waliingia hifadhini wawili tu, kuijaribu njia.

"Februari swala wanajaa bondeni," alisema mjomba. "Mvua ndiyo inayowaita."

"Na magari yanajaa matopeni. Mgeni hatoki kwao kuja kusukuma gari, mjomba."

"Matope yanakuchelewesha tu. Hayakuli."

Oteng alicheka, akakanyaga mafuta. Katikati ya njia, baina ya alama za magurudumu, nyasi zilikuwa zimekomaa na kupita boneti. Mbegu zilipiga kioo kama mvua kavu.

"Simama tuzitoe zilizonasa chini," mjomba alisema.

"Tukifika bondeni. Jua likipanda choroa watajificha vichakani, halafu utasema Aprili haina wanyama."

Baadaye mjomba akasema tena, safari hii polepole, "Oteng, simama."

"Mjomba, wewe ukipanda gari unageuka bibi harusi. Kila hatua unataka kupumzika."

Mzee akageuza uso dirishani. Kisogo kile kilimchoma Oteng kuliko tusi, akazidisha mwendo. Mshale wa joto la injini ulikuwa umeshapanda. Aliuona, akajifanya haoni. Kisha harufu ikaja, tamu kidogo, kama shamba linalochomwa. Moshi ukapenya kati ya miguu yake.

Alifunga breki, akaruka nje. Juu ya bomba la moshi, nyasi zilizoshindiliwa zilikuwa zinawaka. Alilikimbilia dumu la maji. Mjomba akamdaka mkono.

"Hayo ya kunywa. Mchanga."

Mzee alichota kwa beleshi, kijana kwa mikono. Mchanga ulizima upande huu, moto ukachungulia upande ule. Kijinga kimoja cha moto kikadondoka pembeni ya njia, na nyasi kavu zikakipokea kwa furaha. Zikishika hizo, gari lingekwisha, bonde lingekwisha, na wao wangekimbilia wapi? Oteng alivua koti, akajitupa nalo juu ya ule moto, akaugandamiza kwa kifua mpaka akahisi ngozi ikilia.

Ukafa. Hata upepo ulikuwa kama umezuia pumzi.

Mjomba alitazama kifua cha mpwa wake, akamtupia kipande cha waya uliopindwa ncha. Oteng akalala chali, akaingia chini ya gari lililokuwa bado linatema joto, akaanza kuvuta nyasi fungu kwa fungu. Masizi yalimwingia machoni. Alivuta, akavuta, na kila fungu lilitoka na kipande cha kiburi chake.

"Februari," alisema hatimaye.

"Sikusikii huko uliko."

"Nimesema Februari, mjomba. Nyasi zikiwa bado mbichi."

"Na matope?"

"Tutachimba."

"Tutachimba na nani? Mimi nitakuwa nyumbani nakunywa chai."

Akazitupa funguo za gari, zikaanguka mchangani, karibu na mkono wa Oteng uliokuwa mweusi kwa masizi.