Sita Iliyobaki Kwenye Skrini

Jumanne ile Dada alikuwa ofisini, mdogo wake akapita saa mbili asubuhi, akamnyang'anya kikombe cha chai, akanywa nusu, akamrudishia.

"Sukari umeitia kwa kijicho, Dada?"

"Lete kikombe, mnyang'anyi wewe. Kwa mkeo hakuna chai?"

"Ya wizi ndiyo tamu." Alipofika mlangoni aligeuka. "Halafu ile skrini yako siku hizi haigandi tena. Naona uliipa dawa."

Akashuka ngazi akipiga mluzi. Saa tatu kasoro robo aliingia chumba cha mitambo. Waliokuja kumtoa walimkuta kifudifudi sakafuni, ameshakata roho.

Kilikuwa kiwanda cha barafu. Mdogo mtu alikuwa fundi wa mitambo ya baridi. Dada, kama kiwanda kizima kilivyomwita kwa kumfuatisha mdogo wake, ndiye aliyeandika programu za kompyuta. Shahada hakuwa nayo. Alimaliza sekondari, akasoma kozi ya miezi tisa, mengine akajifunza kwa kuharibu na kutengeneza.

Mitambo ile ilipoza kwa gesi ya amonia, ambayo harufu yake walishaizoea, na ikivuja nyingi humkaba mtu kabla hajaita. Kwa hiyo ndani ya chumba kulikuwa na kifaa cha kunusa gesi, ambacho wafanyakazi walikiita Pua, na nje, kando ya mlango, palikuwa na skrini yenye namba moja kubwa. Kanuni ilikuwa fupi. Namba ikiwa chini ya ishirini na tano, ingia. Ikifika hapo, washa feni, vaa barakoa ya gesi, msubiri mwenzako.

Skrini haikuongea na Pua moja kwa moja. Programu ya skrini iliiuliza programu nyingine ndogo, ile mafundi wa kompyuta wanayoiita draiva, na draiva ndiyo iliyojua lugha ya Pua. Zote mbili aliziandika Dada. Mwanzoni programu ya skrini iliuliza na kusubiri. Sasa Pua ilikuwa nzito kujibu. Mara nyingine ilichukua sekunde nane, hata kumi, na muda wote huo skrini iliganda, vitufe havisikii, saa haiendi. Wafanyakazi walilalamika, na mdogo wake ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

"Dada, programu yako inapiga hodi halafu inasimama mlangoni kama mkwe aliyenuniwa. Si iache ujumbe, iendelee na mambo yake? Jibu likipatikana, itaitwa."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakuonea huruma tu, dada yangu."

Na alikuwa amesema sawasawa. Ndivyo wanavyofanya wanaojua: programu inapeleka ombi kwa draiva, inaacha mahali pa kuwekewa jibu, inaendelea na shughuli nyingine, jibu likifika, draiva inaiita. Dada aliandika upya kwa siku nne. Skrini ikawa nyepesi, na mdogo wake akamletea soda mbili, akanywa zote mbili mwenyewe.

Kosa lilikuwa katika mistari michache ambayo hakuiandika. Hakujiuliza skrini ionyeshe nini wakati jibu halijafika. Kwa kuwa hakuiambia kitu, iliendelea kuonyesha namba ya mwisho. Pua ilipokuwa ikijibu, hata kwa kuchelewa, nani angetambua? Jumanne hiyo waya wa Pua, ulioliwa na unyevu, ulikatika saa mbili na dakika kumi. Ombi lilikwenda, jibu halikurudi. Namba ya mwisho, sita, ikabaki pale, inawaka vizuri kabisa, kwa dakika thelathini na tano, huku ndani amonia ikivuja.

Kilichomuuma Dada ni kwamba wao wawili walilelewa na mama asiyevumilia kosa la namna hiyo. Walipokuwa wadogo walizoea kupiga hodi kwa jirani na kuingia hapo hapo. Mama aliwarudisha kwa kuwavuta masikio. "Kimya si karibu. Umesikia mtu anasema karibu? Basi unaingia kwa ruhusa ya nani?"

Siku ya tisa baada ya mazishi Meneja alimwita. Mezani palikuwa na ripoti ya ukurasa mmoja. Marehemu aliingia chumba cha mitambo bila barakoa. Chanzo cha ajali: uzembe wa marehemu.

"Pole tena, Dada. Tia saini hapo, wewe ndiye wa kompyuta, tulifunge hili jambo."

"Skrini ilimwambia sita."

"Nani anajua skrini ilimwambia nini? Aliyeitazama hayupo."

"Kompyuta inajua. Inaandika kila ombi na saa yake, na kila jibu. Nimesoma."

Meneja alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Na hiyo programu ya skrini aliandika nani?"

Dada aliichukua karatasi mezani.

"Basi. Marehemu haumwi na karatasi. Wewe una kazi, una mama. Usijichimbie kaburi lako."

Aliondoka na karatasi mkononi, haina saini, akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Wifi yake, mjane wa mdogo wake, alikuwa uani akianua shati la kazi la marehemu. Lilikuwa limefuliwa mara tatu tangu msiba, na halikuwa na aliyelichafua.

"Wifi, eti kweli?" aliuliza kabla ya salamu. "Mke wa mlinzi wa geti anasema mume wangu alijitakia. Eti alijifanya jogoo, barakoa hataki. Mtu aliyekuwa ananigombeza nikiwasha jiko bila kufungua dirisha!"

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, macho ameyatuliza ukutani. "Sema wewe unayejua mambo ya mashine. Mwanangu alikuwa mzembe?"

Dada angeweza kusema hajui. Hata Meneja angeapa naye.

"Hapana, Mama. Alitazama namba, namba ikamruhusu. Ila ilikuwa namba ya zamani. Pua ilikuwa haijajibu, na programu haikusema kwamba haijajibiwa."

Wifi alikaa chini, shati mapajani.

"Programu ya nani?" Mama aliuliza.

"Yangu."

"Ilipiga hodi."

"Ndiyo, Mama."

"Haikujibiwa."

"Haikujibiwa."

"Ikamwambia mwanangu aingie."

Dada aliitikia kwa kichwa. Mama aliinuka polepole, akijishikilia kwenye fremu ya mlango. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, si kwa hasira, kama mtu anayesoma jina kwenye barua. "Nenda ukaandike hivyo hivyo ulivyoniambia. Usimwachie mwanangu hata chembe ya uzembe huo. Ukimaliza, hapa usije."

"Mama, jamani," wifi alisema.

"Nimemaliza."

Dada aliandika kurasa mbili, akaambatisha orodha ya maombi na majibu, akaweka alama ya kalamu nyekundu pale majibu yalipokoma. Nakala ya kwanza alimpelekea mkaguzi wa usalama kazini, ya pili ndiyo akampa Meneja, ili isije ikapotelea kwenye mtoto wa meza. Baada ya mwezi mmoja ripoti mpya ilibandikwa ubaoni: marehemu alifuata kanuni; chanzo ni kosa la programu, na chini yake jina la mwandishi wa programu. Wifi alikuja na daftari, akanakili neno kwa neno, akaondoka bila kupanda ofisini.

Hawakumfukuza. Haikuwa huruma, hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuisoma draiva ile. Ila hakuna anayemwita Dada tena. Aliyewazoesha jina hilo hayupo, nao wanaona taabu kulitamka. Wanasema "mama", au "wewe wa kompyuta".

Programu ameirekebisha: jibu la Pua likichelewa zaidi ya sekunde kumi na tano, namba inafutika na skrini inaandika SIJUI, na mlango unakataa kufunguka. Inatokea mara mbili au tatu kwa wiki. Fundi mpya hupiga simu juu ofisini na kulalamika kwamba anacheleweshwa kazi.

"Subiri," yeye humwambia.

Jumamosi huenda kwa mama yake na kikapu. Hupiga hodi mara tatu, husimama nje kama robo saa, akisikia viatu vya Mama vikitembea ndani, kisha huweka kikapu kizingitini na kuondoka. Wifi hutoka baadaye kukichukua.